Vijiti vya Matunda vya Mama Mkwe

Jumatatu, 2 Juni

Boksi ishirini na mbili za chakula cha wageni zimetoka kambini alfajiri. Yai, ndizi, mkate, juisi, kijiti cha matunda cha kiwandani. Boksi mbili zilikosa chumvi, mpishi Marwa akanijia juu kana kwamba chumvi naichimba mimi. Nikamwambia stoo siyo mgodi. Akacheka, yakaisha.

Nimefika nyumbani Mugumu saa kumi na moja, vumbi mpaka kwenye meno. Barabara ya Ikoma inaharibu pikipiki na kiuno.

Mama mkwe amefika. Mke wangu Robi alimpokea stendi. Ana kidonda kidole kidogo cha mguu wa kushoto, alijikata na jembe akipalilia mtama, hakijafunga mpaka leo. Huko kijijini kwake Kerende hana wa kumpeleka kufungwa kidonda kila siku, shemeji yangu kaenda kutafuta maisha mbali. Kwa hiyo atakaa hapa kwetu hadi kipone.

Nimemwamkia nikiwa nyuma ya ukuta wa jiko. Shikamoo mama. Akaitikia akiwa amegeukia ua wa minyaa. Miaka kumi na minne nimemuoa binti yake, uso wake naujua zaidi kwenye picha ya harusi kuliko kwa macho.

Jumanne, 3 Juni

Kulala amekubali. Chumba cha uani, mlango wake, mkeka wake. Kula amekataa.

Unga ni wa mkwe, sufuria ni ya mkwe, moto ni wa mkwe. Kwa Mkurya wa umri wake, kutia mdomoni chakula cha mume wa binti yake ni aibu ya kumfuata mpaka kaburini. Mjini hapa wengi wameacha hayo. Wanakaa meza moja na wakwe zao, wanagombea paja la kuku. Yeye hajaacha. Kaja na viazi vikavu na karanga kwenye mfuko, anasema vinamtosha. Havimtoshi hata kunguru.

Robi amelia. Mimi nimekasirika. Bati langu linamfaa, ugali wangu haumfai?

Lakini niseme ukweli, maana hapa hanisomi mtu. Nikimkuta anatafuna nitakimbia. Kwa hiyo hata mimi sijaacha.

Jumatano, 4 Juni

Ana sukari. Hatukujua. Hospitali wamempima asubuhi, kumi na tatu. Daktari amempa vidonge na kumweleza Robi taratibu. Sukari isiposhuka kidonda hakifungi. Kidonda kisipofunga kidole kinatolewa. Na ukishaanza kutoa kidole hujui utaishia wapi kwenye mguu.

Wamemwambia ale kidogo kidogo, kwa saa. Ugali wa dona au wa mtama, mboga za majani kwa wingi. Robi akamjibu daktari kwamba mama hali kitu.

Sasa mtu asiyekula, sukari anaipata wapi? Nimeuliza watu watatu kambini. Kila mmoja na lake.

Ijumaa, 6 Juni

Leo nimeona jambo.

Mgeni mmoja, mzee wa Kizungu mwenye kofia ya turubai, karudishwa kambini kabla ya saa nne. Anatetemeka. Jasho linamtoka na baridi bado ipo. Anaongea vitu visivyoeleweka. Nikajua anakufa, na mimi nimeshika trei ya mayai. Mkewe akapekua mkoba, akatoa kijiti cha matunda. Kile kile tunachoweka kwenye boksi, chenye jamu nyekundu katikati. Mzee akala. Muda wa kuchemka chai haujafika, mzee anacheka na kuuliza habari za tembo.

Nyamhanga, dereva wao, akanielezea pembeni. Huyu mzee ana sukari. Hatembei bila vijiti hivyo. Siku akivisahau anaweza kufia porini.

Nilisimama kwenye mlango wa stoo kwa muda. Ndani kuna makatoni ya vijiti hivyo. Katoni moja limekaribia tarehe ya mwisho, na meneja alishasema wafanyakazi tugawane. Nimeomba nipewe lote. Wenzangu hawakubisha, wanasema vijiti hivyo havishibishi mwanaume.

Jumamosi, 7 Juni

Siku ya mapumziko. Nimekaa na boksi moja la vijiti mezani kama mtu anayesoma barua ya wito. Mbele kuna picha ya suke la nafaka na tunda jekundu lililokatwa, linatoa maji. Limeandikwa nafaka nzima. Limeandikwa matunda halisi. Hakuna rangi ya bandia. Daktari alitaja nini? Nafaka isiyokobolewa, matunda kwa kiasi, mboga. Vitu viwili kati ya vitatu vipo humu.

Na kubwa zaidi, hakikupikwa kwangu. Hakuna sufuria yangu humo, hakuna kuni zangu. Kimetoka kwenye mashine ya watu wasionijua. Hata kukinunua sikukinunua. Nani atasema ni chakula cha mkwe?

Robi akampelekea. Mama mkwe akauliza maswali mawili tu. Kimepikwa na nani? Hakuna mtu. Kimetoka wapi? Kambini, ni dawa ya wenye sukari. Akapokea kwa mikono miwili.

Nilikuwa nje natengeneza mnyororo wa pikipiki. Nikasikia karatasi inachanwa. Nikaondoka haraka nisisikie meno. Nimefurahi kupita kiasi. Leo mimi ndiye mkwe.

Jumatatu, 9 Juni

Kipimo kumi na sita.

Nimemwambia Robi dawa haifanyi kazi kwa siku mbili. Alikuwa anakula viwili kwa siku. Iwe vitatu.

Alhamisi, 12 Juni

Kumi na tisa. Sielewi.

Vidonge anameza, Robi anamsimamia. Chai hanywi, chai ni ya moto wangu. Maji ndiyo anakunywa, majagi mawili kwa siku, halafu kila mara yuko njia ya choo. Maji anayakubali kwa sababu ni ya Mungu. Maji hayana sukari.

Basi nikajua ni Mama Weisiko. Nani mwingine? Jirani yetu huyu ng'ambo ya minyaa anauza soda na maandazi, na mchana anakaa na mama mkwe wanapiga soga za kwao, upande wa Nyamongo. Nikaenda. Nikamwambia mbele ya wateja kwamba anamuua mkwe wangu kwa soda. Nilipaza sauti. Nilisema na mengine.

Aligeuza maandazi mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Mama yenu nimemtolea uji mara tatu, amekataa. Anasema hawezi kula kwa jirani wakati binti yake ana jiko, ataonekana anamdhalilisha. Hiyo soda ulimwona anakunywa lini, baba Ghati?"

Sikuwa nimemwona. Nimerudi nyumbani nikiwa mdogo.

Ijumaa, 13 Juni

Robi haongei na mimi kwa sababu ya Mama Weisiko. Chakula kimewekwa mezani kwa kishindo.

Jumamosi, 14 Juni

Nimefikiria tena habari ya yule mzee wa kofia. Yeye alikula kimoja, akapona hapo hapo. Mama mkwe anakula vitatu na bado anapanda. Tofauti ni nini? Labda mwili wa Mzungu umeizoea dawa. Labda ugonjwa wa huyu ni mkubwa zaidi. Kama malaria ni sugu daktari anaongeza dozi, hapunguzi.

Viwe vinne. Kingine kimoja akisikia njaa.

Robi anasema mama anavipenda. Anavila polepole, anaanza kingo, jamu anaibakiza mwisho. Sikutaka kuambiwa hilo la kingo. Kuna mambo mtu haambiwi kuhusu mama mkwe wake.

Jumatatu, 16 Juni

Nimeomba ruhusa kazini nikaenda nao hospitali. Nilitembea mbele, wao nyuma, kama desturi. Lengo langu lilikuwa kile kipimo. Nilikuwa na hakika kimekufa.

Nikamwambia sista anipime mimi. Akanitoboa kidole. Tano. Akasema, "Kipimo kizima, na wewe mzima, mzee. Mama ndiye mgonjwa." Mama mkwe ishirini na moja.

Sista akauliza tena anakula nini nyumbani. Robi akasema hali kitu, sista. Nami nikatingisha kichwa, nimesimama mlangoni nimetazama nje. Hali kitu. Sista akatuangalia, akaandika.

Kidonda kinanuka kidogo. Nimenusa hata mlangoni.

Jumatano, 18 Juni

Nimegeuza boksi upande wa nyuma. Nimefanya kazi stoo miaka tisa na upande wa nyuma wa boksi natafutaga tarehe tu.

Kuna jedwali. Safu mbili za namba. Moja ni ya gramu mia, nyingine ni ya kijiti kimoja. Kuna namba za nguvu, mamia kwa mamia, zimeandikwa mara mbili kwa vipimo viwili tofauti na hazifanani. Mafuta. Chumvi. Nyuzinyuzi, gramu moja na kitu. Sukari, thelathini na mbili upande huu, kumi na mbili upande ule. Ipi ni ipi? Namba gani ni ya mtu na ipi ni ya boksi?

Nimekaa nayo mpaka chai ikapoa. Mwishowe nikaona hivi. Kijiti kimoja, sukari kumi na mbili. Mama mkwe yuko ishirini na moja. Kumi na mbili ni ndogo kuliko ishirini na moja. Basi kijiti kinamvuta ashuke kuelekea kumi na mbili. Inachukua muda tu, kama kuchanganya maji ya moto na ya vuguvugu.

Nililala vizuri.

Ijumaa, 20 Juni

Kidole kimekuwa cheusi. Ishirini na nne. Daktari amesema Jumatatu kinatolewa.

Sielewi kitu chochote. Naandika tu.

Jumamosi, 21 Juni

Nimeitwa kazini siku ya mapumziko, wageni wamezidi. Afadhali nisingeenda. Hapana, afadhali nimeenda.

Marwa amenipa orodha ya boksi za kesho. Boksi namba sita imezungushiwa kalamu nyekundu. Mgeni ana sukari. Asiwekewe juisi, asiwekewe jamu, asiwekewe kijiti cha matunda. Awekewe yai la pili na karanga.

Nikamwambia Marwa umekosea, wenye sukari ndio wanaokula vijiti. Akacheka. Nikamwambia nimeona kwa macho yangu, yule mzee wa kofia. Akanitazama usoni, akaacha kucheka. Akamwita Nyamhanga.

Nyamhanga alieleza akiwa anafuta kioo cha gari. Yule mzee anachoma sindano ya kushusha sukari. Siku ile alichoma akaondoka bila kula, sukari ikashuka mno. Ndiyo maana alitetemeka. Kijiti ni cha kuipandisha haraka. Ikiwa juu hakigusi kabisa.

Sikujua kama sukari inashuka. Nani aliwahi kuniambia? Huku kwetu mtu anaumwa sukari, basi imepanda. Sijawahi kusikia mtu amezidiwa kwa kuikosa.

Nikaingia stoo nikafunga mlango. Nikachukua mzani mdogo wa keki. Jedwali linasema kumi na mbili kwa kijiti kimoja. Nikapima sukari ya mezani, gramu kumi na mbili. Vijiko vitatu vya chai. Nikamwaga kwenye karatasi. Nikapima tena, na tena, mara tano, kwa sababu mwishoni alikuwa anakula vitano. Kilima kikakaa katikati ya karatasi. Ningemwona mtu anamlambisha mama mkwe sukari hivyo ningemkata panga.

Halafu nikasoma ile orodha ya vitu vilivyomo, maandishi madogo ya kupofusha. Mtu wa stoo anajua orodha inaanza na kilicho kingi. Unga wa ngano. Sukari ya maji ya aina moja, sukari ya maji ya aina nyingine. Tunda liko la nne, nalo limesagwa na sukari. Hiyo nafaka nzima ya kwenye picha iko chini kabisa karibu na chumvi.

Sikuiba. Sikusema uongo. Nimemlisha mwenyewe, siku kumi na nne, na furaha juu.

Jumapili, 22 Juni

Nimemwambia Robi baada ya ibada, tukiwa njiani. Hakupiga kelele. Alisimama katikati ya barabara mpaka pikipiki ikampigia honi. Kisha akasema sista aliuliza. Mara mbili sista aliuliza anakula nini. Na sisi wote tukasema hali kitu.

Ndilo linalonitafuna. Hatukuficha. Haikutujia tu. Kwa mama mkwe kile hakikuwa chakula, ndiyo maana alikubali kukila. Na sisi tukamfuata. Kitu kisichopikwa tukakiita si chakula, damu yake ikakihesabu chote.

Katoni lina vijiti kumi na moja. Nimevitupa chooni kimoja kimoja.

Jumatatu, 23 Juni

Wamekitoa. Saa tano asubuhi.

Nilimsubiri daktari kwenye korido nikamweleza yote. Mzee wa kofia, katoni, vijiti vitano. Nilitegemea anitukane. Aliandika. Akauliza kama vimebaki. Kisha akasema kidonda kilikuja kikiwa kibaya, huenda kidole kingetoka hata bila hivyo. Huenda. Neno hilo nimelishika siku nzima na haliniingii mfukoni.

Akasema mguu uliobaki unategemea kitakachoingia mdomoni kuanzia leo. Dona, mtama, majani, maharage, kwa saa zake. Kila siku. Nikasema ndiyo, daktari. Nikatoka nje nikakumbuka hali kwangu.

Alhamisi, 26 Juni

Amerudi jana. Wodini alikula chakula cha hospitali bila tabu, hospitali si mkwe wa mtu. Kufika hapa, amefunga mdomo. Viazi vikavu vimeisha. Vijiti hakuna. Tangu jana jioni ni maji tu na vidonge, na daktari alikataza kabisa vidonge kwa tumbo tupu. Sasa inaweza kushuka. Mwezi huu wa sita umenifundisha kuogopa pande zote mbili.

Nilimwambia Robi amlazimishe. Robi akaniuliza kama mimi naweza kulazimishwa kulala kitanda cha mama yake.

Ijumaa, 27 Juni

Nimewaza barabara nzima ya Ikoma. Kwenda na kurudi.

Tatizo si ugali. Tatizo ni unga wa nani, moto wa nani, uwanja wa nani. Haya. Mtama wake mwenyewe uko kwenye ghala lake Kerende, alioulima kwa jembe lile lile. Sufuria yake iko kule. Uwanja usio wangu upo hatua kumi kutoka chumba chake, ng'ambo ya minyaa. Hapo akipika yeye na binti yake, hali kwa jirani. Anakula kwake.

Uwanja wa Mama Weisiko. Mungu ana utani.

Jumamosi, 28 Juni

Nimekwenda saa mbili asubuhi. Aliniacha nisimame juani mpaka alipomaliza kukaanga maandazi yote. Wateja wale wale walikuwepo, nadhani aliwaita. Nikaomba radhi kwa sauti ile ile niliyomtukania, ili wasikie. Kisha nikaomba kipande cha ardhi cha mafiga matatu.

Akasema, "Kwa ajili ya mama, chukua. Kwa ajili yako ningekunyima."

Kona ya nyuma, penye mgomba. Nikainama kubeba jiwe la kwanza, Robi akanipiga mkono. Jiwe nikilibeba mimi ni figa la mkwe. Amebeba mwenyewe yote matatu, na kuni ameokota mwenyewe. Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa mbali. Nimeifanya vizuri.

Mchana basi limeleta gunia nusu la mtama, sufuria nyeusi na mwiko wake, Robi aliwapigia simu majirani wa Kerende watume. Mama mkwe alipoona sufuria yake alicheka. Nimemsikia. Sijawahi kumsikia anacheka.

Jioni moshi ukapanda upande wa pili. Amekula. Robi kaniambia kwa macho tu, amejua nisivyotaka maelezo.

Jumapili, 29 Juni

Nilitaka Robi amwambie. Robi akakataa, akasema dhambi yako ina miguu yake.

Nikaenda kwenye minyaa upande wangu, nikageuka nikampa mgongo. Nikajua yuko pale kwa moshi. Nikamwambia mama, vile vijiti. Havikuwa dawa. Vilikuwa na sukari, vijiko vitatu kila kimoja. Mimi ndiye niliyevileta, mimi ndiye niliyesema viongezwe. Kidole chako kiko mikononi mwangu.

Nikasikia anasogeza kuni.

"Baba Ghati," akasema, "nilijua si dawa. Dawa gani tamu vile?"

Nikauliza, sasa mama, mbona ulikula?

"Ulinipa kwa moyo. Ningekurudishia vipi? Na njaa ilikuwepo."

Basi. Nimeondoka nikaingia ndani nikakaa kitandani. Namkasirikia yeye. Najikasirikia mimi. Nalikasirikia lile tunda la kwenye boksi linalotoa maji. Alikuwa na njaa hatua kumi kutoka kwenye sufuria yangu, na mimi nikajisifu ndiye mkwe.

Jumatano, 2 Julai

Kumi na moja. Sista alimpima mara mbili, akauliza tunafanyaje. Robi ameeleza kila kitu kinachoingia mdomoni, hadi karanga mbili alizopewa na mgonjwa mwenzake. Sista akamwambia sasa imezidi, karanga mbili si neno.

Alhamisi, 10 Julai

Nane. Kidonda ni chekundu safi, kinafunga kuanzia pembeni. Daktari amesema mguu upo.

Kambini leo nimepanga katoni jipya la vijiti. Marwa akanitania, akauliza kama nitampelekea mkwe wangu. Nimemwambia akirudia nitamfungia chumvi mwezi mzima. Lakini nimechukua kalamu nyekundu nikaandika juu ya kila katoni, kwa Kiswahili, herufi kubwa, ni sukari vijiko vitatu. Meneja kauliza herufi hizo ni za nini. Nikamwambia ni za mtu wa stoo.

Bado kuna ninachoshindwa kuelewa. Kitu kimoja kinamwokoa mzee wa kofia na kinamkata kidole mama mkwe. Nimeshaelezwa na nakubali. Kuelewa kwa tumbo, bado.

Jumapili, 13 Julai

Robi yuko kwaya. Nyumba kimya. Upepo wa kaskazini, vumbi kidogo.

Nilikuwa nimekaa uani nimeelekea ukuta, nasafisha plagi ya pikipiki. Moshi ulikuwa ng'ambo, na harufu ya mboga ya mgagani inayochemka. Mwiko uligonga ukingo wa sufuria mara mbili, kama mtu aliyemaliza.

Kisha sauti yake. "Baba Ghati, umekula?"

Miaka kumi na minne hajawahi kuniuliza hilo. Habari za mvua ameuliza, za ng'ombe, za Ghati shuleni. Chakula, kamwe.

Nikasema bado, mama.

Nikasikia anatembea, hatua moja nzima na moja ya kisigino, akaja mpaka kwenye minyaa. Akaweka kitu juu ya jiwe lililo mpakani, akarudi taratibu. Nikasubiri mpaka nikasikia amekaa.

Lilikuwa bakuli limefunikwa kwa jani la mgomba. Ugali wa mtama na mgagani, mchungu kama nilivyoukumbuka utotoni. Nikageukia ukuta tena, nikala wote.